Kodi ya chumba: Mwenye nyumba anauza nini?

Ukikaa kwenye baraza yoyote ya Dar es Salaam, mazungumzo yakifika kwenye suala la kuweka akiba, haichukui muda kabla mtu hajasema: jenga vyumba, upangishe. Mstaafu aliyepata kiinua mgongo chake huambiwa hivyo. Kijana aliyerudi Oman na akiba yake huambiwa hivyo. Mjane aliyerithi kiwanja Mbagala au Gongo la Mboto huambiwa hivyo. Na sababu inayotolewa ni ile ile: chumba hakili, hakiugui, na kodi inaingia huku umelala.

Makala hii haikuandikwa ili kuwalaumu wenye nyumba. Miongoni mwa wasomaji wa safu hii wapo wenye nyumba, wapo wapangaji, na wapo ambao ni vyote viwili kwa wakati mmoja, maana amepanga Kariakoo karibu na biashara yake na amepangisha nyumba yake ya Chanika. Tunachotaka ni kuuliza swali ambalo katika mazungumzo yale ya barazani huwa haliulizwi. Mtu anapopokea kodi ya chumba, anapokea malipo ya kitu gani hasa? Anauza nini?

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowavutia watu. Tuseme nyumba ina vyumba sita. Ukimpangisha mtu mmoja na familia yake nyumba nzima, tuseme atakupa shilingi 180,000 kwa mwezi. Ukiipangisha chumba kimoja kimoja kwa shilingi 50,000, utapata shilingi 300,000. Ukiukata ukumbi kwa plaiwudi unapata chumba cha saba. Ukisimamisha banda uani unapata cha nane. Sasa ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Kiwanja ni kile kile, bati ni lile lile, bomba ni lile lile na choo ni kile kile.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Zile shilingi 220,000 zilizoongezeka zimetoka wapi?

Wema ulio katika jambo hili

Tuwe waadilifu. Sehemu ya ziada hiyo ina sababu nzuri. Mtu wa kipato kidogo hawezi kukodi nyumba nzima. Kijana aliyetoka Tanga au Lindi kuja kutafuta riziki, mama anayeuza vitumbua, mwanafunzi wa chuo, fundi anayeanza kazi, wote hao mji ungewafungia mlango kama nyumba zingepangishwa nzima nzima tu. Anayeigawa nyumba yake katika vyumba anamwezesha mnyonge kupata pa kulala kwa kiasi anachokimudu. Hiyo ni huduma, na huduma ina thamani yake. Tena kushughulika na wapangaji wanane si sawa na kushughulika na mmoja. Kuna usumbufu, kuna kupatanisha ugomvi, kuna miezi ambayo chumba kinakaa kitupu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilijengwa kwa sura hiyo: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma uani penye jiko na choo. Leslie, aliyeuchunguza mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, aliukuta mji ambao wenye nyumba na wapangaji wengi waliishi chini ya paa moja. Mwenye nyumba alikuwa na chumba chake, wapangaji wana vyao, na uani pakawa pa wote. Mtoto wa mpangaji aliposhikwa na homa usiku, mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia.

Kwa Muislamu kuna faida nyingine kubwa zaidi. Chumba kimewawezesha watu kujenga bila kugusa riba. Kabla ya benki ya kwanza kamili ya Kiislamu nchini, Amana Bank, kufunguliwa mwaka 2011, na hata baada ya hapo, wengi wetu tumejenga tofali kwa tofali. Mtu anamaliza vyumba viwili, anahamia kimoja, anapangisha cha pili, na kodi ya hicho inanunua saruji ya cha tatu. Hakuna mkopo, hakuna riba. Huyu ni mtu wa kuheshimiwa, na asije akasoma makala hii akadhani anashambuliwa.

Je, kodi yenyewe ni dhuluma?

Katika nchi yetu ulikuwepo wakati ambao jibu la swali hili lilikuwa ndiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwenye kupangisha alihesabiwa pamoja na wanyonyaji, kwa kuwa anakula jasho la mwingine bila yeye kutoa jasho. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo yaliyokuwa yakipangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1991, katika lile linaloitwa Azimio la Zanzibar, CCM iliyalegeza masharti hayo na kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Na mwaka 2005 sheria iliyodhibiti kodi za nyumba, ile ya mwaka 1984, ilifutwa. Tangu hapo kiwango cha kodi ni makubaliano baina ya mwenye nyumba na mpangaji.

Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja tumefundishwa mambo mawili yanayogongana. Kwanza tuliambiwa kwamba kodi yote ni unyonyaji. Sasa tunaambiwa kwamba kodi yoyote ni haki mradi pande mbili zimekubaliana.

Uislamu haukubaliani na kauli ya kwanza. Kukodisha, yaani ijara, ni mkataba halali. Qur'an katika Sura ya Al-Qasas inasimulia jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyofanya mkataba wa kazi na mzee wa Madyan kwa miaka minane, na kama angependa kumi. Maulamaa wameichukulia ijara kuwa ni kuuza manfaa: mali inabaki kwa mwenyewe, na kinachouzwa ni matumizi yake kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana.

Lakini maulamaa hao hao hawakulichukulia jambo la kodi ya nyumba kijuujuu. Ulikuwepo mjadala mkubwa kuhusu majumba ya Makka. Sura ya Al-Hajj, aya ya 25, inausema Msikiti Mtakatifu kuwa ndani yake mkaazi na mgeni wako sawa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliwazuia watu wa Makka kuziwekea nyumba zao milango wakati wa Hija, ili mgeni ashukie apendapo. Imam Abu Hanifa amepokewa kuwa alichukia kupokea kodi ya nyumba za mji huo. Imam Shafii, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, aliruhusu. Miongoni mwa hoja zake ni ile habari kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kushukia nyumbani kwake Makka alijibu kuwa Aqil hakuwaachia nyumba. Maana yake nyumba za Makka zilimilikiwa na kuuzwa kama nyumba nyingine, na kinachomilikiwa huweza kukodishwa.

Sisi tunafuata kauli ya Imam Shafii, na hatuoni tatizo katika kodi. Ila tuuzingatie mjadala wenyewe. Wanavyuoni wakubwa walikaa wakajadili kama mwenye nyumba ana haki ya kumtoza mtu asiye na pa kulala. Hawakuona kuwa ni jambo lisilohitaji kufikiriwa kwa sababu tu pesa imekwishahesabiwa.

Na kauli ya pili, kwamba kila kilichokubaliwa ni haki, Uislamu haukubaliani nayo pia. Kama ijara ni kuuza manfaa, basi lazima manfaa yatolewe. Muuza sukari anayepunja mizani, hata mteja akiwa amekubali bei, amechukua pesa ya kitu ambacho hakukitoa. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa watu wa namna hiyo. Basi tuulize: mizani ya chumba ni ipi? Chumba kinapunjwaje?

Maskani ni utulivu

Sura ya An-Nahl, aya ya 80, inazitaja nyumba zetu kuwa ni neema ya Allah (S.W.) aliyetujaalia mahali pa kutulia. Neno lililotumika hapo ni la mzizi ule ule ambao sisi Waswahili tumeupata neno maskani. Kwa asili yake, maskani si kuta na bati. Maskani ni mahali ambapo moyo na mwili vinatulia. Mzizi huo huo umetumika katika Sura ya Ar-Rum kuhusu mume na mke, kwamba mmoja anapata utulivu kwa mwenzake. Na ajabu ni kuwa neno maskini nalo limetoka humo humo: mtu ambaye ufukara umemkalisha chini, hana uwezo wa kujisogeza.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Mwenye nyumba anauza utulivu na sitara. Anayelipa kodi ya chumba halipii futi kumi kwa kumi za sakafu, maana sakafu ya bure ipo hata stendi ya mabasi. Analipia mahali ambapo atavua nguo bila kuonekana, atazungumza na mkewe bila kusikika, ataswali bila kukanyagwa, atalala bila kuamshwa, na atafunga mlango akijua hakuna atakayeufungua. Akipata hayo, kodi ni halali safi hata kama mwenye nyumba hajainua kidole mwezi mzima. Asipoyapata, amepunjwa mizani, hata kama alisaini mkataba mbele ya mjumbe.

Tukipime kipimo hiki kwa vitu vitatu vilivyomo katika kila nyumba: ukuta, mlango na choo.

Ukuta. Aya ya 58 ya Sura ya An-Nur inazitaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumbani na watumishi waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya swala ya Isha. Nyakati hizo zimeitwa ni nyakati tatu za faragha. Kama mtoto wa ndani anazuiwa, itakuwaje kwa mtu baki ambaye ametenganishwa nawe kwa ubao wa plaiwudi usiofika darini? Anasikia kikohozi, anasikia ugomvi, anasikia na yale ambayo haifai kuyaandika hapa. Mwenye nyumba aliyeukata ukumbi vipande viwili ameongeza shilingi 50,000, lakini hakuongeza sitara. Ameichukua sitara iliyokuwa ya mpangaji wa kwanza akamuuzia wa pili nusu yake, na wa kwanza hakupunguziwa kodi. Hiyo ni sehemu ya zile shilingi 220,000 ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kujiuliza itahesabiwaje mbele ya Mola wake.

Mlango. Baadhi ya wenye nyumba huweka ufunguo wa pili na kuingia chumbani kwa mpangaji wakati hayupo, ati kukagua. Wengine hugonga mara moja na kusukuma mlango papo hapo. Wanasema: si nyumba yangu? Jibu ni kwamba nyumba ni yako, lakini manfaa yake umekwishayauza kwa muda ule. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa na darsa za pwani yetu yote, anataja kwamba ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo. Ufunguo ukikabidhiwa umekabidhiwa. Na aya za 27 na 28 za Sura ya An-Nur zinatutaka tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu waliomo, na tukiambiwa turudi, turudi. Anayekaa humo kwa kodi aliyoilipa ndiye mwenye kuombwa ruhusa. Hati ya kiwanja haimpi mtu ruhusa ya kumkuta mke wa mwenzake bila mtandio.

Choo. Nyumba iliyojengewa watu sita, sasa ina vyumba vinane, na katika kila chumba wapo wawili, watatu au wanne. Wanaume na wanawake wasio maharimu wanapanga foleni moja kwenye mlango mmoja alfajiri, mwenye kanga moja na mwenye taulo. Shimo limejaa, na mwenye nyumba anasema wapangaji wachange wavute maji machafu. Fiqhi yetu haikulinyamazia hata jambo hili. Minhaj inaeleza kwamba matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na asipoyaharakisha mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Inafika hadi kutofautisha kwamba theluji ikianguka juu ya dari kuiondoa ni juu ya mwenye nyumba, na kufagia taka za uani ni juu ya mpangaji. Maulamaa wa Kishafii wakataja pia kwamba nyumba ikabidhiwe shimo la choo likiwa tupu. Theluji hatuna, lakini mvua za masika tunazo na bati linalovuja tunalo. Anayemwambia mpangaji wake aweke ndoo chini ya tundu huku anaendelea kupokea kodi kamili, na aisome upya sehemu hiyo.

Mzigo wa kodi ya mkupuo

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza watu zaidi, nalo ni kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Kisheria za fiqhi, kulipa kabla si haramu. Wakikubaliana malipo yatangulie, mkataba ni sahihi. Hilo hatulipingi. Lakini tulitazame linavyofanya kazi. Chumba cha shilingi 50,000 kwa miezi sita ni shilingi 300,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, jumla shilingi 350,000. Anayetakiwa kuzitoa ni mtu ambaye labda mshahara wake wa mwezi haufiki hapo. Atazipata wapi? Anayeingia kwenye upatu na kungoja zamu yake ni mwenye bahati. Wengi wanakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani na wa kwenye simu, ambao wanataka ziada kubwa, na ziada hiyo ni riba isiyo na shaka.

Tazama sasa mambo yalivyopinduka. Mwenye nyumba amejenga bila riba, na anamshukuru Allah kwa hilo. Lakini saruji ya chumba chake kinachofuata ameinunua kwa kodi ya mwaka mzima, na mpangaji ameipata kodi hiyo kwa mkopo wa riba. Riba haikuondoka katika nyumba ile. Imehamishwa tu kutoka kwa mwenye uwezo ikapelekwa kwa mnyonge. Kwa hakika kodi ya mkupuo ni kama mkopo ambao maskini anampa aliyemzidi, bila kuitwa mkopo, na bila shukrani.

Na si kweli kwamba haiwezekani kuwa vingine. Ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi kwa kawaida hulipa mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorejeshwa mtu akihama bila deni. Nyumba zao hazijaanguka na wenye nyumba hawajafilisika.

Mizigo midogo midogo nayo inahesabiwa. Nyumba yenye LUKU moja kwa vyumba vinane inafanya wapangaji watumie umeme kama nyumba kubwa. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti, na aliyezidi alilipa shilingi 350. Kila mmoja wa wapangaji wale peke yake ni mtumiaji mdogo, lakini wakikusanywa kwenye mita moja wanahesabiwa kuwa mtu mmoja mkubwa. Kisha kuanzia Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Je, wenye nyumba wangapi waliwaambia wapangaji wao: zile shilingi elfu moja mnazokatwa ni zangu, zitoeni kwenye kodi? Ni kiasi kidogo. Lakini Sura ya Al-Mutaffifin haikusema kwamba upunjaji unaanza kwenye gunia. Kibaba kinatosha.

"Si amekubali mwenyewe?"

Hoja kubwa ya upande wa pili ni hii: hakuna aliyelazimishwa. Chumba hakitaki, aende kwingine. Na Qur'an katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, imeruhusu biashara ya kuridhiana.

Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Bila ridhaa hakuna mkataba, na kwa ridhaa mikataba mingi inatakasika. Lakini kuridhia si sawa na kukosa la kufanya. Mtu mwenye mke mjamzito, ambaye notisi yake inakwisha kesho na vyombo vyake vitatolewa nje, akiambiwa chumba hiki kina tundu la bati na ukuta wa ubao, atasema ndiyo. Ndiyo hiyo inatosha kwa mahakama. Je, inatosha kwa Mwenyezi Mungu anayejua yaliyo moyoni mwa aliyesema na moyoni mwa aliyesikia? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea yeye. Hiki ndicho kipimo cha ridhaa. Mwenye nyumba asijiulize kama mpangaji amekubali. Ajiulize kama yeye angekubali binti yake aliyeolewa akae katika chumba kile, apite ukumbi ule, apange foleni ya choo kile, kwa bei ile.

Hoja nyingine ni kwamba wapangaji nao wana maovu yao. Ni kweli kabisa. Wapo wanaokaa miezi minne bila kulipa kisha wanahama usiku. Wapo wanaovunja masinki, wanaopiga muziki mpaka saa nane za usiku, wanaogeuza chumba kuwa danguro au kijiwe cha bangi. Mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu akidhulumiwa na mpangaji mmoja, watoto wake wanalala njaa. Wengi wamefika kwenye kodi ya mwaka kwa sababu waliumwa na nyoka. Mpangaji Muislamu ajue kwamba chumba mkononi mwake ni amana, kodi ni deni, na kuhama kwa siri ni wizi. Mwenye uwezo wa kulipa akichelewesha kwa makusudi amedhulumu, hilo Mtume (S.A.W.) amelibainisha. Na aliyeishiwa kweli, Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, imemwekea muda mpaka apate wepesi.

Lakini dhuluma ya mpangaji mmoja haimpi mwenye nyumba haki ya kuwabebesha mzigo wapangaji wote wanaokuja baada yake. Dawa ya mtu asiyelipa ni mkataba wa maandishi, mashahidi, mdhamini anayefahamika, na amana ya mwezi mmoja au miwili.

Nini kifanyike?

Mwenye nyumba anaweza kuanza na machache ambayo hayatamfilisi. Avunje ukuta wa plaiwudi, au aujenge kwa tofali mpaka juu. Aongeze choo kabla ya kuongeza chumba, na kama kiwanja kinaruhusu, cha wanawake kiwe mbali na cha wanaume. Aweke mita ya kila chumba ili kila mtu ajue umeme wake. Apokee kodi ya miezi mitatu ya mwanzo, halafu amwache mpangaji mwaminifu alipe mwezi kwa mwezi. Asiingie chumbani bila hodi na bila jibu. Asimkatae mtu kwa sababu tu ana watoto, maana watoto hawakuzaliwa ili walale stendi. Na kodi ikikusanyika, akumbuke zaka. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1985, liliamua kwamba nyumba yenyewe ya kupangisha haitolewi zaka, bali pato lake, likipitiwa na mwaka mikononi mwa mwenyewe, linatolewa robo ya sehemu ya kumi, yaani asilimia 2.5.

Kwa misikiti na jumuiya zetu kuna nafasi pia. Mfuko mdogo wa mkopo mwema, usio na ziada, wa kumlipia mtu kodi ya kuanzia na yeye akaurejesha kidogo kidogo, ungewaokoa vijana wengi na wakopeshaji wa riba. Tunachangia harusi kwa mamilioni. Hatushindwi kuchangia paa.

Tukumbuke kwamba mpangaji kwa mwenye nyumba si mteja tu. Kwa anayeishi naye nyumba moja ni jirani, na Jibril (A.S.) aliusia kuhusu jirani mpaka Mtume (S.A.W.) akadhani atapewa fungu la mirathi. Kwa anayeishi mbali na kupokea kodi kwa simu, mpangaji anaweza kuwa jina tu kwenye ujumbe wa muamala. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye nyumba wa zamani wa Kariakoo alikuwa anajua bati linavuja kwa sababu lilimvujia na yeye. Wa leo hana njia ya kujua ila aende, abishe hodi, na aulize.

Basi anayetaka kujenga vyumba na ajenge, Allah ampe baraka. Ila kila mwisho wa mwezi, kabla ya kuzihesabu noti, ajiulize swali moja: mwezi huu, waliolala katika nyumba yangu walitulia? Kama jibu ni ndiyo, amekula halali yake, hata kama ni laki nne. Kama jibu ni hapana, atafute ni shilingi ngapi kati ya hizo hajazifanyia kazi, na azirudishe kwa njia ya ukuta, choo au punguzo la kodi, mapema, wakati bado zinarudishika.

Wallahu a'lam.